Tamthilia za Kituruki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa na jamaa, majirani na watu tuliokaa pamoja sebuleni tukisubiri tamthilia ianze. Wengine huuliza wakati wa tangazo, na tangazo likiisha jibu linakatwa katikati. Hapa yamepata nafasi yake. Yaliyo mafupi nimeyajibu kwa ufupi, na yale yanayonigusa nimeyaachia uzi urefuke.

Waturuki wenyewe wanaziitaje?

Wanaziita *dizi*. Neno hilo limetoka kwenye kitenzi *dizmek*, kupanga vitu kwa safu au kutunga shanga kwenye uzi. Sisi tunaosema Kiswahili hatuhitaji maelezo zaidi, maana kwetu pia anayetunga shanga na anayetunga hadithi wanatumia kitenzi kimoja.

Dizi ya kawaida hurushwa mara moja kwa wiki, kuanzia mnamo saa 2 usiku, na sehemu moja hujaza usiku mzima. Msimu huanza Septemba na kufungwa Juni. Zipo pia za mchana zinazorushwa karibu kila siku, kama *Elif* iliyoanza 2014, lakini zilizoipa Uturuki jina ni zile za usiku.

Zina tofauti gani na zile za Mexico tulizokulia nazo?

Zile za Mexico nyingi zilirekodiwa studio, haraka haraka, na idadi ya sehemu ilijulikana tangu mwanzo. Dizi hurekodiwa kwenye nyumba halisi, vivuko halisi, barabara halisi za Istanbul, na mwisho wake haujulikani: watazamaji wakiwepo inaendelea, wakipungua inakatwa. Halafu kuna ukimya. Mtu anaingia chumbani, anamwona aliyemdhania amekufa, na kamera inatulia usoni pake dakika nzima huku muziki ukipanda. Wapo wanaouona ukimya huo kuwa ni kupoteza muda. Mimi naona ndipo kazi ya mwigizaji inapopimwa, maana hapo hana maneno ya kujifichia.

Ufundi wote huu umetoka wapi?

Umetoka kwenye mtaa mmoja. Wilayani Beyoğlu, Istanbul, kuna barabara inayoitwa Yeşilçam, na kwa kuwa kampuni za filamu zilipanga ofisi zao pale na kando yake, jina la barabara likawa jina la sinema nzima ya Kituruki, kama Hollywood ilivyo kwa Wamarekani. Waturuki huhesabu sinema yao tangu tarehe 14 Novemba 1914, siku ambayo ofisa wa jeshi Fuat Uzkınay inasemekana alirekodi kubomolewa kwa mnara wa Warusi huko Ayastefanos. Filamu yenyewe haipo, na wanahistoria wanabishana kama iliwahi kuwepo. Lakini miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 haina ubishi: Yeşilçam ilifikia kutoa filamu karibu 300 kwa mwaka. Türkan Şoray, Hülya Koçyiğit, Filiz Akın na Fatma Girik walikuwa malkia wake wanne. Cüneyt Arkın alikuwa steringi wa kurukia farasi na kuangusha jeshi peke yake, na Kemal Sunal alikuwa yule mnyonge mwenye moyo safi aliyechekesha nchi nzima.

Hadithi zao unazijua hata kama hujaziona. Binti maskini na kijana tajiri. Mama anayetengana na mwanawe na kukutana naye akiwa mtu mzima. Kipofu anayepona siku mpenzi wake anapoolewa na mwingine. Dereva wa teksi mwenye heshima kuliko mwenye kiwanda. Ukiitazama dizi ya leo kwa makini utaiona mifupa hii chini ya nguo mpya.

Kazi nzito pia zilitoka hukohuko. *Susuz Yaz* ya Metin Erksan, kuhusu ndugu wawili na maji ya kijiji ambayo mmoja wao anataka yawe yake peke yake, ilichukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 1964.

Kilichoiangusha Yeşilçam ni mambo mengi kwa pamoja. Televisheni iliingia majumbani. Vurugu za kisiasa za miaka ya 1970 ziliwafanya watu waogope kutoka usiku. Majumba ya sinema yakajaa filamu za utupu, na familia zikasusa. Yakaja mapinduzi ya kijeshi ya 1980, kisha kanda za video. Kufikia miaka ya 1990 nchi iliyokuwa ikitoa filamu 300 ilikuwa ikitoa chache sana kwa mwaka. Waandishi, waongozaji na waigizaji wakahitaji kazi, na kazi ilikuwa kwenye televisheni.

Televisheni ilianza lini kutengeneza tamthilia?

Shirika la umma, TRT, lilianza kurusha picha kutoka Ankara tarehe 31 Januari 1968. Mwaka 1975 likaonyesha *Aşk-ı Memnu*, yaani Penzi Lililokatazwa, iliyoongozwa na Halit Refiğ kwa sehemu 6 tu, kutoka kwenye riwaya ya zamani ya Halit Ziya Uşaklıgil. Kituo kilikuwa kimoja na nchi nzima ikakitazama.

Miaka ya 1980 Waturuki nao walikuwa wakilia mbele ya tamthilia za wageni, hasa ile ya Brazil ya mtumwa Isaura. Nalisema hili kwa sababu wengi hudhani kila taifa linalouza tamthilia lilizaliwa likiuza. Waturuki walikuwa wanunuzi kwanza, na walijifunza kwa kutazama.

Mwaka 1990 kituo cha kwanza cha binafsi kilianza kurusha matangazo kwa setilaiti kutoka Ujerumani, kwa kuwa katiba iliwapa TRT peke yao haki ya utangazaji. Katiba ikabadilishwa 1993. Vituo vikaongezeka, vikagombania watazamaji, na silaha yao ikawa dizi. *Asmalı Konak* ya mwaka 2002, iliyorekodiwa Kapadokya kwenye nyumba za mawe, iliwafanya Waturuki wafunge safari kwenda kuliona jumba lenyewe.

Zilitokaje nje ya Uturuki?

Zilitoka polepole. *Deli Yürek* iliuzwa Kazakhstan mwaka 2001 kwa bei ndogo. *Yabancı Damat*, kuhusu binti wa mtengeneza baklava wa Gaziantep anayependana na kijana Mgiriki, ilionyeshwa Ugiriki mwaka 2005, nchi mbili zenye ugomvi wa karne zikicheka kitu kimoja.

Mlango ulifunguka hasa mwaka 2008. Tamthilia iitwayo *Gümüş*, yaani Fedha, haikuwa imetikisa sana kwao. MBC, kituo cha Wasaudi, wakainunua, wakaiita *Noor*, wakambadili jina Mehmet, mume katika hadithi, akawa Muhannad, na wakaiwekea sauti kwa Kiarabu cha mitaani cha Syria badala ya Kiarabu cha vitabuni. Hapo ndipo palipokuwa na akili. Masikio ya Waarabu yalikuwa yamezoea lahaja ya Syria kutokana na tamthilia za Kisyria zenyewe, kwa hiyo Waturuki wakaingia sebuleni wakizungumza kama jirani. MBC walikadiria kwamba sehemu ya mwisho, tarehe 30 Agosti 2008, ilitazamwa na watu milioni 85. Mufti mkuu wa Saudi Arabia aliikemea, na watu waliendelea kutazama.

Nimewasikia ndugu zetu wa Oman, wazungumzaji wa Kiswahili wa Maskati, wakisimulia mwaka ule kama watu wanavyosimulia harusi kubwa: nani alikuwa nyumbani kwa nani, nani alilia. Kilichowashika kinamama haukuwa uzuri wa Kıvanç Tatlıtuğ, aliyemwigiza Muhannad, peke yake. Muhannad alikuwa mume Mwislamu anayemsikiliza mkewe, anayemuunga mkono katika kazi yake, anayeomba radhi akikosea. Wengi walikuwa hawajawahi kumwona mume wa namna hiyo kwenye skrini akiwa na jina kama la kaka zao.

Baada ya hapo dunia ikafuata. Mwaka 2014 kituo cha Mega cha Chile kilionyesha *Binbir Gece*, na Amerika ya Kusini, nyumbani kwa tamthilia za mapenzi, ikaanza kununua kutoka kwa waliokuwa wanafunzi wake. Hispania na Italia zikafuata, hasa kwa zile za mapenzi mepesi kama *Erkenci Kuş* ya Can Yaman na Demet Özdemir.

Siasa haijawahi kuingilia?

Imeingilia sana. Machi 2018 MBC waliondoa tamthilia za Kituruki hewani ghafla, wakati Uturuki na Saudi Arabia zikivutana juu ya Qatar, na watazamaji wakaachwa katikati ya hadithi. Mwaka 2020 taasisi ya fatwa ya Misri ilizionya. Mwaka huohuo, Ramadhani, televisheni ya taifa ya Pakistan ilirusha *Diriliş: Ertuğrul* kwa Kiurdu kwa himizo la waziri mkuu Imran Khan.

Ndani ya Uturuki mwangalizi ni RTÜK, baraza linalosimamia utangazaji. Lina uwezo wa kutoza faini na hata kusimamisha kipindi, na mwaka 2023 liliisimamisha *Kızılcık Şerbeti*, tamthilia kuhusu familia ya kidini na familia ya kisekula zilizounganishwa na ndoa ya watoto wao.

Kwa nini glasi na sigara huwekewa ukungu?

Ni sheria za Uturuki. Tumbaku hairuhusiwi kuonekana kwenye televisheni, na pombe haitakiwi kuonyeshwa kwa namna ya kuvutia. Vituo huona usalama ni kufunika vyote viwili. King'amuzi chako hakina tatizo.

Mbona sehemu moja ni ndefu hivyo, na mbona idadi ya sehemu hailingani na ile ya kwao?

Hili naulizwa kuliko yote. Sehemu moja kwa Waturuki huchukua dakika 120 hadi 150, bila kuhesabu matangazo. Inapouzwa nje hukatwa vipande 2 au 3 vya dakika kama 45. *Muhteşem Yüzyıl*, ile tuliyoijua kama *Sultan*, ina sehemu 139 kwao, lakini wewe utazihesabu nyingi zaidi. Ndiyo maana pia sehemu unayoitazama huishia mahali pasipo na kishindo, mtu akiwa anashuka ngazi tu. Kishindo chenyewe kilipangwa mwisho wa zile dakika 150, na mkasi haukukijali.

Urefu huo haukuchaguliwa na wasanii. Kanuni huweka mipaka ya matangazo mangapi yanaweza kuingia katika saa moja na yaachane kwa muda gani, kwa hiyo kipindi kikirefuka, nafasi za matangazo zinaongezeka. Na kituo kikijaza usiku mzima kwa dizi moja, hakina haja ya kulipia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sehemu zilikuwa fupi zaidi. Zilirefuka mwaka hadi mwaka bila mtu wa kusema basi.

Wanaozitengeneza wanapumzika saa ngapi?

Hawapumziki vya kutosha, na sipendi mtu azitazame bila kulijua hili. Sehemu moja ni ndefu kama filamu ya sinema, na inatakiwa kila wiki. Mwandishi anakabidhi muswada siku chache kabla ya kurekodi, pengine kurasa zinafika eneo la kazi huku taa zimeshawashwa. Kampuni nyingi huwa na vikosi viwili vya kurekodi vinavyofanya kazi kwa pamoja, mwigizaji akikimbizwa kutoka kimoja kwenda kingine. Siku za kazi za saa 16 au 18 zimekuwa jambo la kawaida kwa mafundi wa taa, wabeba vifaa na wapambaji.

Mwaka 2010 wafanyakazi waliandamana Istanbul wakiwa na kauli iliyotungwa kwa vina: *Yerli dizi, yersiz uzun*. Maana yake, dizi ya nyumbani, ndefu pasipo sababu. Mwaka uliofuata chama cha waigizaji kilianzishwa. Urefu haujapungua.

Waigizaji wakubwa wenye uwezo wa kuchagua wamekuwa wakikimbilia kwenye majukwaa ya intaneti, ambako msimu una sehemu 8 au 10 za dakika 45. Netflix ilitoa ya kwanza ya Kituruki, *Hakan: Muhafız*, Desemba 2018. *Bir Başkadır* ya 2020, kuhusu mfanyakazi wa ndani anayeanguka na kuzimia na daktari wa akili anayeshindwa kuvumilia ushungi wake, ni kati ya kazi bora nilizowahi kuona kutoka popote. TRT nao walifungua jukwaa lao, Tabii, mwaka 2023.

Kwa nini nyingine hukatishwa ghafla?

Takwimu za watazamaji hutoka kesho yake asubuhi. Dizi ikianguka wiki kadhaa mfululizo inaondolewa, wakati mwingine baada ya sehemu 4 au 5. Ukiona wahusika wameoana, adui amekufa na siri zote zimefichuka ndani ya sehemu moja, ujue mwandishi alipewa taarifa wiki hiyohiyo.

Sultan ni historia ya kweli?

*Muhteşem Yüzyıl*, ambayo wengi wetu tuliijua kama *Sultan* kupitia Azam TV, ilirushwa kwao kati ya 2011 na 2014. Watu wakubwa ndani yake walikuwepo. Süleyman, sultani wa dola ya Waosmani, alitawala kuanzia 1520 hadi 1566. Hürrem alikuwa binti kutoka nchi ambayo leo ni sehemu ya Ukraine, akaingizwa kwenye nyumba ya kifalme akiwa mtumwa, na Süleyman akavunja desturi kwa kumwoa rasmi. Alifariki 1558 na kaburi lake lipo Süleymaniye, karibu na la mumewe. İbrahim Paşa aliuawa 1536 kwa amri ya Süleyman, rafiki yake aliyemkuza. Mwanamfalme Mustafa alinyongwa 1553 kwa amri ya baba yake.

Mazungumzo, nguo zilizo wazi kifuani na zile njama za kila Jumatano ni kazi ya mwandishi Meral Okay, aliyefariki Aprili 2012 kabla ya kuifikisha mwisho. Novemba mwaka huo Erdoğan, akiwa waziri mkuu, aliishambulia hadharani, akisema Süleyman alitumia miaka 30 juu ya farasi vitani. Lakini jambo moja linanifanya niitetee. Februari 2014, sehemu ya kuuawa kwa Mustafa iliporushwa, watu walimiminika Bursa kwenye kaburi lake kumwombea dua. Kijana aliyezikwa zaidi ya miaka 450 iliyopita alipata waombolezaji wapya, wengine wakiwa hawajawahi kufungua kitabu cha historia.

Na Ertuğrul?

Hapo kuwa mwangalifu zaidi. Kuwepo kwake kunathibitishwa na sarafu za Osman, mwanzilishi wa dola ya Waosmani, zinazomtaja kama baba, lakini habari za maisha yake ziliandikwa zaidi ya miaka 100 baadaye. Sehemu 150 zilizotayarishwa na Mehmet Bozdağ kwa TRT kati ya 2014 na 2019 zimejengwa juu ya kurasa chache sana. Ifurahie kama unavyofurahia utenzi wa vita: shujaa ni wa kweli, mapanga ni ya mshairi.

Watu weusi wako wapi katika hadithi hizi?

Swali zuri, na jibu lake linauma kidogo. Katika jumba la kweli la masultani, kuanzia mwishoni mwa karne ya 16, mkuu wa walinzi wa nyumba ya wanawake alikuwa Mwafrika, mtu aliyetekwa utotoni na kuhasiwa, na baadhi yao walifikia kuwa miongoni mwa wenye nguvu kubwa katika dola. Tamthilia za kihistoria hazijawapa nafasi inayolingana na historia yao. Katika Yeşilçam mwanamke mweusi alikuwa ni mtumishi mwenye huruma wa nyumba ya tajiri, basi.

Wazao wa Waafrika hao wapo mpaka leo, hasa maeneo ya İzmir na pwani ya Aegea. Mustafa Olpak, aliyefariki 2016, alifuatilia asili ya familia yake mpaka Kenya, akachapisha kitabu mwaka 2005 na kuanzisha chama cha Waturuki wenye asili ya Afrika. Babu na bibi zake walichukuliwa utumwani wakapitishwa Krete kabla ya kufika Uturuki. Hadithi ya namna hiyo ina kila kitu ambacho dizi hupenda: kutekwa, kutengana, jina kubadilishwa, ukweli unaofichuka kizazi cha tatu. Natamani sana kuiona ikipewa msimu mzima.

Je, haziwadhalilishi wanawake?

Nyingine ndiyo. Zipo ambazo kijana anamshika binti mkono kwa nguvu, anamfungia, anampigia kelele, na muziki unatuambia hayo ni mapenzi. Ukitazama na watoto wako wa kike, zungumzeni papo hapo.

Lakini zipo zilizosaidia. *Fatmagül'ün Suçu Ne?*, yaani Kosa la Fatmagül ni Nini, ilirushwa 2010 hadi 2012. Binti wa pwani anabakwa na kundi la vijana, kisha anaozwa kwa mmoja aliyekuwepo usiku ule ili kesi ife. Sheria ya zamani ya Uturuki ilimpunguzia mbakaji adhabu akimwoa aliyemtendea, na iliondolewa na kanuni mpya ya adhabu iliyoanza 2005. Tamthilia ilichukua misimu miwili kumfikisha Fatmagül mahakamani akiwa amesimama mwenyewe. Beren Saat aliigiza kimya cha mtu aliyeumizwa kwa namna ambayo sijaisahau. Nawajua kinamama waliozima sauti sehemu ya kwanza kwa sababu hawakuweza kuisikiliza, wakairudia baadaye na binti zao pembeni.

Kwa nini zinatuingia sisi kuliko za Ulaya?

Watu husema ni dini, na dini imo: *inşallah*, *maşallah*, mazishi, sikukuu. Mimi huanzia kwenye ukoo. Kituruki humtenganisha *dayı*, kaka wa mama, na *amca*, kaka wa baba. Humtenganisha *teyze*, dada wa mama, na *hala*, dada wa baba. Mtafsiri wa Kiingereza anawafunga wote wanne kwa maneno mawili tu, na nusu ya ugomvi wa urithi inapotea. Mtafsiri wa Kiswahili anao mjomba, baba mdogo na baba mkubwa, mama mdogo na mama mkubwa, na shangazi, kila mmoja na mamlaka yake. Mtu asiye ndugu huitwa *abi* au *abla*, kama sisi tunavyomwita kaka au dada tusiyemjua sokoni. Kijana akimwona mzee humbusu mkono na kuuweka kwenye paji la uso. Mtoto wa pwani aliyefundishwa kuamkia kwa kubusu mkono haulizi maana yake.

Halafu masikio yananasa maneno. *Dakika*, *dünya*, *saat*, *haber*, *kitap*, *kalem*, *hesap*, *asker*, *sabun*, *çay*. Lugha zetu mbili zilikopa kwenye duka moja la Kiarabu na Kiajemi. Hata *merhaba* yao, ambayo ni salamu ya kawaida, ni ndugu wa marahaba tunayoitikia shikamoo.

Bora kusikiliza Kituruki au Kiswahili?

Mimi nazipenda zote mbili, ila nawatetea wanaoingiza sauti za Kiswahili, kwa sababu hudharauliwa. Mtu analalamika kwamba midomo haiendani na maneno. Kituruki hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja na huweka kitenzi mwishoni, hivyo anayetafsiri ana kazi ya kupata Kiswahili kinachojaa mdomo wa mtu mwingine na kuishia naye pamoja. Kumbuka pia kwamba filamu za Yeşilçam zilirekodiwa bila sauti, na sauti ziliingizwa baadaye studio. Malkia waliopendwa na taifa zima mara nyingi walizungumza kwa sauti za wanawake wengine ambao sura zao hazikujulikana. Kumpa mtu uso na mwingine sauti ni sehemu ya sanaa hii tangu mwanzo.

Kwa upande wetu tulikuwa tayari. Kabla ya ving'amuzi, Dar es Salaam ilikuwa na watafsiri wa vibanda vya video, Kenya ikawa na madijei wake, na Kampala ikawa na wake wanaozungumza juu ya filamu kwa Kiganda. Bibi asiyejua kusoma maandishi ya chini ya skrini alipata haki yake ya hadithi kupitia kwao. Sauti za *Sultan* kwa Kiswahili ziliendeleza kazi hiyo, na kwa utulivu zaidi: zikarudisha Kiswahili cha heshima, cha kutukuka, chenye "hadhi yako" na "mtukufu", ambacho vijana wengi walikuwa hawajawahi kukisikia kikisemwa kwa mapenzi na kwa hasira.

Na sinema yao ya leo?

Ipo na ina afya. *Eşkıya* ya 1996 ndiyo iliyowarudisha watu kwenye majumba ya sinema. *Yol*, iliyoandikwa na Yılmaz Güney akiwa gerezani na kuongozwa na Şerif Gören kwa maelekezo yake, ilipata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, pamoja na filamu nyingine mwaka 1982, lakini Uturuki iliruhusiwa 1999 tu, Güney akiwa ameshafia uhamishoni Paris. Nuri Bilge Ceylan alichukua tuzo hiyohiyo 2014 kwa *Kış Uykusu*. Merve Dizdar akawa mwigizaji bora wa kike wa Cannes 2023, naye ni mtu wa dizi kabisa. Kwenye Emmy za kimataifa, *Kara Sevda* ilishinda 2017, mwigizaji Haluk Bilginer 2019, na *Yargı* 2023.

Sijawahi kutazama hata moja. Nianze na ipi?

Ukipenda fitina za kasri, anza na *Muhteşem Yüzyıl*. Ukipenda kisasi, *Ezel*. Ukiwa na wiki moja tu, *Bir Başkadır*.

Ukiniuliza mimi, nitakupeleka kwenye *Aşk-ı Memnu* ya 2008, ileile riwaya ya zamani ikiwa imehamishiwa kwenye jumba la kisasa kando ya Bosphorus. Bihter anaolewa na mwanamume aliyemzidi umri sana, kisha anampenda kijana aliyelelewa na mume wake kama mwana. Vituo vya Kituruki huweka sehemu nyingi YouTube bila malipo, kwa hiyo tafuta hapo kwanza. Usisome popote inavyoisha. Sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 24 Juni 2010, na siku ukiifikia, tenga jioni nzima, mtu asikupigie simu.